Funda la Baba

Baba yangu hakuwahi kutupiga akiwa amelewa. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wakisikia habari za mlevi hungoja kusikia za fimbo. Alitupiga akiwa mkavu, asubuhi, mikono ikimtetemeka. Akishakunywa alikuwa mpole, anacheka, anawabeba watoto wa jirani mabegani. Kwa hiyo sisi watoto wake tulijifunza mapema kumwombea apate pombe. Mama alipiga magoti akimwomba Mungu amwondolee baba kiu ile, na sisi tumepiga magoti pembeni yake tunaomba baba aipate upesi. Siku hizi vijana waliosoma wananiambia kwamba ulevi ni ugonjwa. Sawa. Basi yeye alikunywa, na sisi tukaugua.

Tulikaa Mbololo, upande wa mlima unaotazama Voi, mahali ambapo ukisimama uani unaona moshi wa treni kabla hujasikia mlio wake. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, malori ya askari yakipita kule chini kila siku kwenda kambi ya wafungwa ya Manyani, na sisi tukiyatazama kama mambo ya watu wengine. Baba alikuwa kibarua wa reli, katika kundi la kutengeneza njia ya Taveta. Alifukuzwa kazi nikiwa bado mdogo, kwa sababu msimamizi alimkuta amelala juu ya reli ileile aliyotumwa kuikaza.

"Mwanangu alichoka," alisema nyanya. "Reli inachosha."

Huyu nyanya ni mama yake baba, aliyekaa nasi, na alikuwa na maelezo kwa kila jambo. Baba akianguka mferejini, njia ilikuwa na utelezi. Baba akijikojolea, alinyeshewa. Tulikuwa na kiangazi ambacho hata mihogo ilikauka, na baba aliendelea kunyeshewa.

Chini bondeni, kando ya mfereji, tulikuwa na kipande cha miwa. Miwa ndiyo hutoa mbangara, pombe ya kwetu. Mama hakuigusa. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe cha kichwani walichopewa akina mama wa kikundi chao, na alikuwa amesimama mbele ya waumini wote akaapa kwamba mikono yake haitatengeneza pombe. Kwa hiyo aliyemtengenezea baba ni nyanya. Alikamua miwa, akatumbukiza matunda ya mvungunya yaliyokaushwa juu ya meko ili ichachuke, kisha akaukalisha mtungi kwenye pembe ya nyumba. Mama alifagia kuuzunguka ule mtungi kama vile kuna mgeni amekaa pale.

Asubuhi moja baba aliamka, akachota, akaionja, akakuta bado ni tamu ya watoto. Ilihitaji siku nyingine. Nyanya alikuwa ameenda kuchota maji, kwa hiyo aliyekuwa karibu ni mama, na baba alichukua mchi akampiga nao kwenye kifundo cha mkono. Nilisikia sauti ya mfupa. Mama aliketi chini akaushika mkono wake. Tangu siku ile hakuweza tena kukamua hata nguo za mwalimu wa shule, ambazo alimfulia kwa ujira.

Dada yangu mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa msichana mkubwa tayari, mwenye nguvu na mwenye hasira za wazi, si kama sisi wengine tuliozificha. Alimpita baba kana kwamba ni kiti, akaushika mtungi shingoni, akauburuta mpaka uani na kuuangusha juu ya jiwe la kunolea. Pombe ilitiririka hadi kwa kuku. Nyanya alikuwa ndiyo kwanza anafika, akautupa mzigo wake wa maji akaanza kuikinga pombe kwa upawa.

Baba alipiga magoti. Sikuwahi kumwona amepiga magoti, hata kanisani siku chache alizokwenda. Aligusa tope kwa vidole, akavilamba, kisha akamtazama dada na kusema taratibu sana, "Umemwaga yangu. Na wewe hutashika kitu. Kila utakachobeba kitamwagika."

Kila aliyekuwa uani alielewa. Kwetu hasira ya mzazi haikuwa hisia tu inayopita. Ilikuwa kitu, na kitu hicho kilitoka kifuani mwake kikaenda kukaa mwilini mwa mtoto na kumla. Waliobatizwa nao waliamini hivyo, ila waliamini kimyakimya.

Dada aliolewa Mwatate, na kijana aliyefanya kazi kwenye mashine ya mkonge. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye baiskeli aliyoifuta kila jioni, na dada alimpenda waziwazi mpaka mama akamkanya. Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakua, tukafurahi, nayo ikatoka ikiwa na sura ya mtu, wakaizika nyuma ya nyumba. Mama mkwe wake alipomuuliza kama kuna aliyemkosea nyumbani, dada hakuficha. Alisema, "Baba alitamka neno."

Akarudishwa kwetu. Hakurudishwa kwa ukali. Mama mkwe alituma ujumbe kwamba wao hawataki vita, wanataka moyo wa baba usafishwe juu ya mtoto wake. Ukisafishwa, watakuja kumchukua mkwe wao. Usiposafishwa, kijana wao hatazika watoto kila mwaka.

Njia ya kusafisha ilijulikana, tukaiita kutasa. Mwenye kinyongo huketi mbele ya yule aliyemkasirikia, akatia kinywani funda la pombe, au la maji ya miwa, au la maji matupu, halafu hulitema kwa kulipuliza nje na kusema maneno ya heri. Linalotoka ni ile hasira. Hakuna mtu wa kukutemea hasira yako. Ndugu hawezi, mke hawezi, na mchungaji hawezi. Uhai wa ndoa ya dada yangu ulikuwa umekaa ndani ya mashavu ya baba.

Sijawahi kumwona baba akiwa mwenye cheo kama wiki zile. Watu walikuja kumbembeleza. Waliomkuta jana yake amelala njiani wakamruka, sasa walimwita mzee, wakakaa naye, wakamsikiliza. Ndugu yake mkubwa, ambaye sisi tulimwita baba mkubwa, alikuja na kibuyu cha maji.

"Tasa kwa maji, yaishe leo," alisema. "Mtoto arudi kwake."

Baba alikisukuma kibuyu kando. "Mimi nilimwagiwa pombe. Maji hayatoi kitu hapa," akajigonga kifua. "Na sitaki ya mama yangu. Aitengeneze huyu." Akamwonyesha mama kwa kidevu.

Alijua anachoomba. Hilo ndilo nisilomsamehe, kuliko fimbo na kuliko mchi. Alikuwa mkavu, akili zake zote anazo, na alichagua.

Mama alienda shambani akakaa huko mpaka jua likapanda. Aliporudi alivua kitambaa cheupe, akakikunja mara nne, akakiweka sandukuni. Kisha akachukua panga akashuka bondeni kukata miwa. Mimi nilimenya. Dada alitwanga, kwa sababu kifundo cha mama hakikuweza mchi, na dada mwenyewe alikuwa bado hajapona vizuri. Alikuwa akitwanga kidogo, anashika tumbo, anatwanga tena. Nyanya alikaa kwenye kigoda chake akielekeza, amefurahi kama mtu anayemfundisha mkwe aliyeolewa jana.

"Kamua kwa nguvu," alimwambia mama. "Hizi si soksi za mwalimu."

Harufu ya miwa inayochachuka haifichiki. Kabla hata haijawa tayari, mzee wa kanisa alikuja akasimama nje ya ua, hakutaka kuingia. Alimuuliza mama kama anayoyasikia ni kweli. Mama hakukana wala hakueleza. Akaambiwa asikaribie tena meza ya Bwana, na arudishe kile kitambaa. Alikipiga pasi kwanza, kwa pasi ya makaa, kwa mkono mmoja, na yule mzee akimngoja.

Siku ikafika. Mama mkwe wa dada alikuja na mzee mmoja wa kwao, na yule mume, ambaye alikuwa ameisukuma baiskeli yake mlima wote. Nyuma ya baiskeli hapakuwa na mzigo, ila mpira mrefu wa kufungia sanduku, umeviringishwa vizuri. Dada aliuona ule mpira. Nilimwona anauona, akaingia ndani akatoka na sanduku lake na kuliweka karibu na mlango.

Baba mkubwa alikuwa amemchukua baba kwake tangu siku iliyotangulia, asionje kitu, maana kutasa si kazi ya kinywa kilicholewa. Alimleta asubuhi hiyo, ukungu bado umekaa mlimani na baridi inauma, na baba anatoka jasho. Vifungo vya shati vilikuwa vimekosana na matundu yake. Dada aliketi mbele yake kwenye kigoda, mikono mapajani. Mama alijaza kibuyu akampa baba, na kibuyu kikatetemeka mpaka pombe ikamwagika kidogo, wote wakashtuka. Nikaambiwa nikishike chini, nimsaidie. Ndiyo maana niliona kila kitu kutoka karibu kuliko mtu yeyote.

Baba alikuwa na sauti nzuri, na maneno aliyajua. "Kama ni mimi niliyemfunga mwanangu, leo namfungua. Kinyongo changu kitoke kama hii inavyotoka. Ashike mimba, ashike mtoto, amlee." Watu waliinamisha vichwa. Akaweka kibuyu mdomoni akatia funda.

Mashavu yalijaa. Kilichobaki ni kugeuza uso na kupuliza, jambo ambalo mtoto mdogo huliweza. Alifumba macho. Niliona kikoromeo chake kikipanda, kikakaa, kikashuka.

Nyanya akasema, "Amekohoa."

Hakukohoa.

"Rudia," alisema baba mkubwa.

Baba alirudia maneno, akatia funda jingine. Safari hii alilishikilia muda mrefu, na machozi yakamtoka. Kwa jinsi nilivyokuwa karibu, nilijua kwamba alikuwa akipigana. Alitaka kutema. Nalisema kwa sababu nililiona, si kwa kumtetea, na sijui litamfaa nani. Mdomo ulifunguka kidogo, tone moja likateleza kidevuni, na koo likalichukua lililobaki. Halafu hakungoja kuambiwa. Alikivuta kibuyu kutoka mikononi mwangu, akakiinua, akanywa mpaka mwisho, na dada ameketi palepale mbele yake, akitazama kitako cha kibuyu kikipanda juu.

Mume wa dada alienda mwenyewe kuchota maji. Alimpa baba, akasema, "Baba, tafadhali." Hayo tu. Na baba, ambaye sasa alikuwa ametulia na mikono imeacha kutetemeka, aliyapuliza yale maji vizuri ajabu. Uso wa dada ulilowa wote. Maneno yalitoka sawasawa, hata moja halikukosekana.

Mama mkwe alisimama, akajifunga leso yake vizuri kiunoni. "Mzee, ulisema maji hayatoi kitu kwako. Tuliletewa maneno yako kama ulivyoyasema, tukayaheshimu. Na sasa tumeona." Akamgeukia dada. "Mwanangu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini huyu ameimeza hasira yake mbele ya macho yetu. Sasa iko ndani kabisa."

Mume alibaki nyuma kidogo, mkono kwenye kiti cha baiskeli. Nilidhani atasema kitu. Nilimchukia kwa kunifanya nitumaini. Aliutoa ule mpira kwenye keria, akautia mfukoni, akateremka mlima nyuma ya mama yake. Mwaka uliofuata tukasikia ameoa kule Mgange.

Mtungi ulikuwa bado na zaidi ya nusu. "Isije ikaharibika," alisema baba, na jioni ile aliwaita majirani, akawa mpole kabisa, akaimba.

Baada ya hapo nyumba yetu ilikuwa na mpango. Kanisa lilikuwa limeshamtoa mama, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya nyanya kuendelea kuteseka na umri wake. Mama alitengeneza. Dada alitwanga. Baba hakuhitaji tena kwenda mbali na watu wakasema ametulia nyumbani. Njiani kwenda shule watoto walijaza maji mashavuni kwenye mfereji, wakanisimamia mbele, wakameza kwa pamoja na kugugumia, wakaanguka kwa kicheko. Nilimng'ata mmoja sikio, nikachapwa na mwalimu, na nikirudi nikachapwa na mama kwa kuchapwa na mwalimu.

Maana mama naye alibadilika. Mkono uliobaki mzima ulikuwa mwepesi. Na hakumpiga baba, hakumgusa baba. Aligombana na dada. Walikuwa wakiinamia kinu pamoja, dada akitwanga, mama akisukuma miwa kwa ule mkono uliopinda, na mama angesema bila kuinua kichwa, "Ungeuacha ule mtungi."

Siku moja dada alimjibu. "Mama, alikuvunja mkono."

"Nani alikutuma?" alisema mama. "Mkono ni wangu. Ningekuwa na mkono uliovunjika na kanisa langu, na wewe ungekuwa kwako na watoto."

Dada aliinua mchi. Alitwanga. Alikuwa bado msichana, watu wa umri wake wanaimba kwenye harusi, na mikono yake ikawa na sugu kama ya mkata mkonge. Wachumba waliopita walipita kwa mwendo wa haraka. Hata mimi nilipoanza kukua hakuna aliyeuliza habari zangu, na kwa kweli nisingemshauri yeyote aulize.

Mwisho wa miaka ile tumbo la baba lilivimba na macho yakawa ya njano. Hospitali ya Voi walimtazama wakasema ini, wakamrudisha kwetu. Nyanya alisema amelogwa, kisha akasema ni chumvi ya dukani, ile ya serikali. Baba aliwaza kwa siku kadhaa akiwa amelala mkekani, halafu akasema yeye anajua kinachomuua. Ni moyo wa binti yake. Moyo wa mtoto nao unaweza kufunga mzazi, jambo hilo halikuwa geni kwetu.

"Aje atase," alisema. "Maji yanatosha."

Nilidhani sikusikia vizuri, lakini alirudia. Maji yanatosha.

Baba mkubwa aliitwa. Mama alisimama kizingitini akamwambia dada, "Njoo, ni baba yako." Dada aliweka mchi chini, akanawa mikono, akaja akaketi kando ya mkeka. Mimi nilileta kibuyu, kilekile. Nyanya alikuwa pembeni na upawa wake. Baba alijiinua kwa kiwiko, akauleta uso wake mbele ili maji yampate vizuri.

Dada alisema maneno yote. Aliyajua, na sauti nzuri aliirithi kwa baba. Kama ni mimi niliyemfunga baba yangu, leo namfungua. Kinyongo changu kitoke. Apone, atembee. Akatia funda, mashavu yakajaa, na hakugeuza uso. Alimtazama.

Baba hakumtazama machoni. Alitazama koo lake, kwa sababu alijua pa kutazama, na alilijua jibu kabla yangu. Koo lilipanda, likashuka. Dada akatia funda la pili, akalimeza taratibu zaidi, kama mtu mwenye kiu ya kawaida. Kisha akanirudishia kibuyu.

"Nimekohoa," akasema.

Baba mkubwa aliinama akashika kichwa. Nyanya alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na maelezo. Mimi nilifurahi. Sijawahi kuona sababu ya kusema vingine.

Dada alirudi uani kutwanga, maana miwa ilikuwa imeshamenywa na jua linaiharibu. Mama akamfuata. Nilibaki na baba, nimeshika kibuyu, tukisikiliza mchi. Baada ya muda akanigusa mguu, akaniuliza kama ile ya jana imekwisha.